Kihoro sio histeria: namna ya kumtambua na kumhudumia mgonjwa wa moyo uliopigwa na mshtuko, akiletwa emajensi

Kiswahili kina neno la zamani, kihoro. Wazee wa Pwani wakisema fulani kafa kwa kihoro walikuwa wanamaanisha hivyo hivyo, mtu kapewa habari ya msiba asubuhi, kashika kifua, na jioni watu wanachimba kaburi la pili. Sisi wa hospitali tukaja tukaliacha hilo neno, tukawa tunaandika kwenye faili histeria au mshtuko wa kawaida, mgonjwa anawekwa kitanda cha pembeni, anachomwa diazepamu ya kutuliza, ndugu wanaambiwa mwacheni alie atatulia. Mimi ni nesi wa emajensi na nimewahi kuwa mmoja wa waliomwacha mama wa watu kitanda cha pembeni namna hiyo. Alikuwa na miaka sitini na kitu, kaletwa na bajaji akitokea msibani kwa mdogo wake, analia, anahema, anasema kifua kimembana kama kimefungwa kamba. Saa mbili nzima hakuna aliyempima ECG, ile karatasi ya umeme wa moyo, manake wote tulishaamua kwamba anacholilia ni msiba. Alipoanza kutoa povu la pinki mdomoni ndo tukakimbia. Alipona, namshukuru Mungu, ila tangu siku ile neno histeria sijaliandika tena, na haya ninayoyaandika hapa nawaandikia manesi, maklinikofisa na madaktari intani walioko kwenye hospitali za wilaya na mikoa, pia na ndugu wa wagonjwa, maana wao ndo wanaanza kumwona kabla yetu.

Ugonjwa wenyewe ni huu

Wa kwanza kuuandika walikuwa madaktari wa Japani mwaka 1990, Hikaru Sato na wenzake, wakauita takotsubo. Tako kwa Kijapani ni pweza, tsubo ni mtungi. Kwetu pweza anachokolewa kwa chuma kwenye miamba maji yakikupwa, ila wavuvi wa Japani wanazamisha mitungi yenye tumbo la duara na shingo nyembamba, pweza anaingia mwenyewe akidhani kapata pango. Sasa ukipiga picha moyo wa mgonjwa huyu wakati unajikamua, chemba ya kushoto upande wa chini kwenye ncha inakuwa imetuna na imelala, haijikamui, wakati sehemu ya juu karibu na njia ya kutokea damu inajikamua kwa nguvu kupita kiasi, na umbo zima linakuwa mtungi ule ule.

Kinachofanya hivyo ni wimbi la adrenalini na jamaa zake. Mwaka 2005 madaktari wa Johns Hopkins kule Marekani walilinganisha damu za wagonjwa wa aina hii na za watu wenye shambulio la moyo la kawaida lililo kali, wakakuta homoni hizo kwa hawa wa mshtuko ni mara 2 hadi 3 zaidi. Yaani hata yule ambaye mshipa wa moyo umeziba kabisa hana adrenalini nyingi namna hiyo. Msuli wa moyo unalewa, unapigwa ganzi, wakati mishipa inayoupelekea damu iko wazi. Ukielewa hilo moja tu, utaelewa kwa nini baadhi ya dawa tunazozikimbilia presha ikishuka zinaweza kumuua mtu huyu, na huko ndo nataka tufike.

Wanaopata zaidi ni akina mama waliokoma hedhi. Kwenye rejista kubwa ya kimataifa iliyochapishwa 2015 yenye wagonjwa 1,750, karibu 90 kati ya kila 100 walikuwa wanawake na wastani wa umri ulikuwa miaka 67 hivi. Wanaume wanapata pia, na wao mara nyingi chanzo ni ugonjwa wa mwili na hali yao inakuwa mbaya zaidi. Kati ya kila wagonjwa 100 wanaoingia hospitali wakidhaniwa wana shambulio la moyo, 1 hadi 3 wana hili. Ukiona ni wachache, hesabu wangapi wanapita mlangoni kwako kwa mwaka.

Kabla hajafika kwetu

Hii ni ya ndugu. Mtu kapewa habari ya kifo, au kaibiwa, au kapata ajali akatoka salama, au kagombana vibaya na mtu wake, halafu anasema kifua kinauma au kinabana, anakosa pumzi, anatoka jasho jembamba la baridi, moyo unaenda mbio, au anaanguka na kuzinduka, huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, msisubiri mazishi yaishe. Najua msibani ni vigumu, watu wote wanalia na wengi wanaanguka, lakini mwenye miaka 50 kwenda juu anayeshika kifua msimchukulie kama yule anayelia tu. Mkalisheni ameegemea, mlegezeeni nguo, wapunguzeni watu wanaomzunguka apate hewa. Msimmwagie ndoo ya maji, msimpige makofi, msimpe maji ya kunywa kama hajazinduka vizuri, na dawa za presha za jirani msimpe. Kama hajitambui na hapumui kawaida, bonyezeni kifua katikati kwa nguvu na kwa kasi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku gari linatafutwa.

Na nendeni na mtu mmoja anayejua kilichotokea, sio dereva tu. Hilo nitaeleza kwa nini.

Dakika 10 za kwanza

Akiingia tu, kabla ya kuuliza jina la baba na kadi ya bima, ECG ya waya 12 ipigwe na isomwe ndani ya dakika 10. Kwenye hizo dakika awekwe kwenye monita, ichukuliwe presha mikono yote miwili (sababu inakuja huko chini), saturesheni, sukari, joto, kanula iwekwe na damu itolewe. Oksijeni mpe kama saturesheni iko chini ya 90, ikiwa 96 usimpe kwa sababu tu mtungi upo karibu.

Kwa wakati huu mchukulie kwamba ana shambulio la moyo la kawaida. Narudia hili kwa wenzangu ambao wakishasoma habari za kihoro wanapata kishawishi cha kusema aah, huyu kafiwa, hii ni takotsubo, tuachane na aspirini. Hapana. Mtu aliyefiwa anaweza kuziba mshipa wa moyo vile vile, msiba unaleta yote mawili, na huwezi kuyatofautisha kwa macho wala kwa ECG peke yake. Kwa hiyo aspirini miligramu 300 atafune, isipokuwa kama ana aleji nayo au anavuja damu au una wasiwasi na mambo mawili nitakayoyataja. Maumivu yatulizwe, mofini kidogo kidogo kwenye mshipa kama ipo. Na kama kweli anahangaika sana, diazepamu kidogo haina ubaya, ubaya ni kumpa diazepamu badala ya ECG.

Swali ambalo hatuliulizi

Tunauliza kifua kinauma tangu saa ngapi, kinaenda mkono gani, una presha, una sukari. Tunasahau kuuliza nini kimetokea. Keti kidogo, hata dakika moja, mwamkie kama ni mtu wa kuamkiwa, halafu sema, "Shikamoo mama, pole sana. Kabla kifua hakijaanza kuuma ulikuwa unafanya nini, umepata habari gani?" Wengi watakwambia mwanangu, acha tu, na hapo ndo unapata historia yote. Asipoweza kusema, yule ndugu aliyekuja naye ndo atasema, na ndo maana nimesema asije na dereva peke yake.

Usikae unasubiri msiba tu. Kwenye ile rejista ya wagonjwa 1,750, walioshtuliwa na jambo la kihisia walikuwa kama 28 kwa 100, walioshtuliwa na jambo la mwili walikuwa wengi zaidi, 36 kwa 100, na wengine karibu 28 kwa 100 hakikupatikana chanzo chochote. Jambo la mwili ni kama nini? Pumu iliyobana vibaya, sepsisi (maambukizi yaliyosambaa mwilini), operesheni, kuvunjika mfupa, degedege, kiharusi, damu kuvuja kichwani, na hata adrenalini yenyewe tuliyomchoma sisi. Mgonjwa wa wodi ya upasuaji aliyeanza kukosa pumzi siku ya pili ya operesheni tunamwita nimonia, mpige ECG. Furaha nayo imo, wapo waliopata hali hii kwenye harusi ya mwanao au kwenye shughuli ya kushtukizwa, ni wachache ila wapo. Na likija jambo la watu wote, jiandae, baada ya tetemeko la Niigata kule Japani Oktoba 2004 wagonjwa wa namna hii waliongezeka kwenye maeneo ya karibu na tetemeko, wengi wakiwa kina mama watu wazima. Moto sokoni, mafuriko, meli kuzama, siku kama hizo usiangalie waliojeruhiwa tu, waangalie na waliokaa nje wanasubiri majina yasomwe.

Kuisoma ECG

Karatasi inaweza kutoka kwa sura kadhaa. Chini kidogo ya nusu wanakuja na ST iliyopanda (ST ni kile kipande cha mstari kinachofuata baada ya pigo kubwa), mara nyingi kwenye waya za mbele, V2 mpaka V5 au V6, sawa sawa kabisa na mshipa wa mbele ulioziba. Wengine wanakuja na mawimbi ya T, yale yanayofuata baada ya ST, yaliyopinduka chini, kubwa na za kina, zimeenea kwenye waya nyingi. QT, muda wa moyo kuanza kujikamua mpaka kujichaji upya, inarefuka, na hii inaweza isiwepo saa ya kwanza ikaja kesho yake au keshokutwa, kwa hiyo ECG moja haitoshi, rudia baada ya dakika 15 hadi 30 kama maumivu yapo, halafu baadaye na kila siku.

Kuna dalili zinazoelekeza kwenye takotsubo, kama ST kupanda mbele lakini kwenye waya ya V1 imetulia na kwenye waya ya aVR imeshuka, au mabadiliko kutoheshimu mipaka ya mshipa mmoja. Zinaelekeza tu. Mimi sijui daktari wa moyo mwenye akili timamu anayethibitisha ugonjwa huu kwa ECG, na wewe uliyeko wilayani usithubutu.

Magonjwa mawili ya kuyaondoa kabla ya dawa ya kuyeyusha damu

Hapa naomba usome polepole. Kama ST imepanda na kathlabu, ule mtambo wa kupitisha mrija kwenye mishipa ya moyo, huwezi kuufikia ndani ya dakika 120, utaratibu unasema mpe dawa ya kuyeyusha bonge la damu, streptokinesi au tenektiplesi, ndani ya saa 12 tangu maumivu yaanze. Na mgonjwa wa kihoro mwenye ST iliyopanda ataingia kwenye mstari huo huo. Haitamsaidia, maana hana bonge, na inaweza kumvujisha damu. Lakini ukiacha kumpa mtu aliyeziba kweli unampotezea msuli wa moyo au unampoteza mwenyewe. Kwa hiyo kama vigezo vimetimia na hakuna katazo, mshauri ni daktari wa moyo kwa simu, na msimamo wangu ni kwamba wasiwasi wa takotsubo peke yake sio sababu ya kumnyima. Eko, yaani ultrasaundi ya moyo, ikiwepo pale pale itakusaidia kuamua, ila usipoteze saa nzima kuitafuta.

Kinachotakiwa kukuzuia ni haya. La kwanza, damu kuvuja kichwani. Muulize kama kilianza kichwa, cha ghafla, kikali kuliko chochote alichowahi kuumwa, mwangalie shingo kama imekakamaa, angalia fahamu zake na mboni. Damu kuvuja kwenye utando wa ubongo inaleta ECG ya ajabu na inaleta takotsubo yenyewe, sasa mtu huyu ukimpa aspirini na streptokinesi umemmaliza. La pili, mshipa mkuu wa aota kuchanika, maumivu ya kama kitu kinachanika yanayoenda mgongoni, presha ya mkono huu na ule zinatofautiana sana, ndo sababu ya ile mikono miwili.

Magonjwa mengine ya kuyafikiria ni bonge la damu kwenye mapafu, moyo kuvimba kwa virusi hasa kwa vijana, na kwa mama aliyejifungua karibuni usisahau moyo wa uzazi kuchoka, ambao kwetu upo na unachanganywa sana. Na kijana mwenye presha ya kutisha inayokuja na kuondoka, kichwa, jasho na moyo kwenda mbio, huyo anaweza kuwa na uvimbe ulioko juu ya figo unaomwaga adrenalini. Usimkimbizie dawa za beta, zile za kutuliza kasi ya moyo, kama propranolo kabla hujaongea na bingwa.

Damu na eko

Troponini, kipimo cha damu cha msuli wa moyo ulioumia, inapanda, usije ukasema troponini imepanda kwa hiyo sio kihoro. Ila inapanda kwa kiasi kidogo ukilinganisha na eneo kubwa la moyo lililolala, wakati BNP, homoni ya moyo uliolemewa, kama maabara yenu inapima, inapanda sana. Pima na potasiamu na magnesiamu, hizo sio za kupamba fomu, utazihitaji kwa ajili ya QT.

Eko ndo inafungua macho. Tafuta ncha iliyotuna na haisogei, sehemu ya juu inajikamua kwa nguvu, na eneo lililolala linazidi eneo la mshipa mmoja. Aina hii ya ncha ni kama 8 kati ya 10. Kwa wengine inalala sehemu ya katikati, wachache inalala ya juu wakati ncha iko sawa, kwa hiyo ukikosa mtungi usifunge mashine ukaondoka. Ukiwa hapo hapo na proba mkononi angalia mambo matatu, njia ya kutokea damu kama imebanwa, vali ya mitro kama inarudisha damu, na bonge la damu kwenye ncha.

Kwa asiye na ST iliyopanda kuna hesabu ya pointi unaweza kuifanya kitandani. Mwanamke 25, chanzo cha kihisia 24, chanzo cha mwili 13, kutokuwa na ST iliyoshuka (ukiacha aVR) 12, ugonjwa wa akili wa sasa au wa zamani 11, ugonjwa wa mfumo wa fahamu 9, QT ndefu 6. Jumla 100. Akizidi 70 uwezekano wa kihoro ni mkubwa, akiwa chini bado picha ya mishipa ya moyo ndo inaamua. Mama yangu yule wa bajaji ukimhesabu, mwanamke, msiba, hana ST ya kushuka, QT ndefu, anapata 67. Yaani hata hesabu ingeniambia bado huna uhakika, mtafutie kathlabu.

Matibabu, na hapa ndo penye hatari

Hakuna dawa ya takotsubo. Unamshikilia mpaka moyo uzinduke wenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki kadhaa. Unachotibu ni kinachomsumbua sasa hivi, kwa hiyo jiulize huyu ana presha gani na mapafu yake yakoje.

Presha nzuri, mapafu makavu: monita, apumzike, maumivu yatulizwe, aendelee na dawa za shambulio la moyo mpaka picha itakapoamua. Hapa hamna maneno mengi.

Presha nzuri au ya juu, mapafu yamejaa maji: mkalishe wima, furosemidi ya kutoa maji miligramu 40 kwenye mshipa, oksijeni, CPAP (mashine ya kusukuma hewa kwa barakoa) kama ipo, nitrati ya kutanua mishipa chini ya ulimi au kwa dripu. Ila umeweka nitrati na presha ikaporomoka ghafla, simama hapo hapo, itoe, sikiliza moyo upya. Ukisikia mvumo mpya wa kukamua pembeni ya mfupa wa kifua upande wa kushoto, njia ya kutokea damu imebanwa.

Presha ya chini, namba ya juu haifiki 90: huyu ndo mgonjwa wa mtego. Mkono wetu wote unaenda kwenye adrenalini au dobutamini ya kusukuma moyo, maana ndo tulivyofundishwa, na kwenye hospitali nyingi adrenalini ndo dawa pekee ya kupandisha presha iliyopo kwenye kabati. Sasa fikiria. Moyo umepigwa ganzi na adrenalini, na sehemu yake ya juu inajikamua kwa nguvu mpaka inafunga mlango wa kutokea damu, wewe unaongeza adrenalini. Mlango unazidi kufunga, presha inazidi kushuka, unaongeza dozi, presha inashuka tena. Nimeona hilo likitokea na hakuna aliyeelewa kwa nini dawa inafanya kinyume. Kwa hiyo kama ni msiba, ni mama mtu mzima, ni presha ya chini, weka proba kifuani kabla ya dobutamini.

Njia ikiwa imebanwa na mapafu ni makavu, mpe maji, mililita 250 za salaini, mpime, mpe tena kama inasaidia. Nitrati, furosemidi na dobutamini kaa nazo mbali. Dawa ya beta ya muda mfupi kwenye mshipa kwa dozi ndogo inalegeza ule ukamuaji, esmololo ndo bora, metoprololo kwa tahadhari, lakini hiyo afanye daktari aliyezoea na monita ipo. Ukihitaji kupandisha presha, uliza tieta, chumba cha upasuaji, watu wa usingizi wanayo fenilefrini wanayowapa kina mama wanaofanyiwa upasuaji wa kujifungua presha ikishuka baada ya sindano ya mgongo. Inabana mishipa bila kuuchapa moyo, na watu hawakumbuki kwamba ipo vyumba viwili mbele yao.

Njia ikiwa haijabanwa na moyo umechoka tu, hapo ni kazi ya ICU, maji kwa uangalifu mkubwa, na kama huna budi kutumia dawa za kusukuma moyo tumia kiasi kidogo kabisa kwa muda mfupi kabisa huku rufaa inapangwa.

Nisieleweke vibaya kuhusu adrenalini. Moyo ukisimama, mpe kama kawaida miligramu 1 kwa utaratibu wa kuzindua. Mtu mwenye aleji kali ya kufunga koo, mchome msulini miligramu 0.5 bila kusita. Kosa ninalolipigia kelele ni kumsukumia mtu mwenye fahamu zake adrenalini nzima kwenye mshipa, kosa ambalo limewahi kuleta takotsubo kwa watu ambao hawakuwa nayo.

QT na dawa tunazogawa kama pipi

QT ikirefuka moyo unaweza kuingia kwenye mapigo ya hovyo ya kujisokota na mtu akafa akiwa anaongea. Juu ya milisekunde 500 ni hatari. Sasa angalia tunavyofanya, anatapika tunampa ondansetroni, anapiga kelele tunampa haloperido, anakohoa tunampa azithromaisini, ana homa mtu anakumbuka kwinini, na zote zinarefusha QT. Acha zote usizozihitaji kweli. Pandisha potasiamu ifike juu ya 4, na mapigo ya kujisokota yakija mpe magnesiamu gramu 2 kwenye mshipa kwa dakika 10, na kama hana mapigo ya mkononi mshtue kwa umeme. Amiodaroni kwa mapigo hayo usiitumie, nayo inarefusha QT. Akae kwenye monita saa 48 hadi 72 angalau, ukisikia anasema najisikia vizuri nesi, nataka nikazike, mweleze kwa upole kwamba siku ya pili na ya tatu ndo QT inaamka.

Ncha iliyolala pia inatengeneza bonge la damu linaloweza kuruka kichwani. Bonge likionekana, heparini halafu dawa ya kuzuia damu kuganda kwa kama miezi 3, na eko ya kurudia ndo itasema muda wa kuacha.

Rufaa

Mgonjwa huyu anahitaji picha ya mishipa ya moyo, hakuna njia ya mkato, kwa sababu hata wenye kihoro cha kweli kama 15 kati ya 100 wana na mishipa iliyoziba kiasi. Tanzania kathlabu ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, Uganda ipo Taasisi ya Moyo pale Mulago, na Nairobi ipo zaidi ya hospitali moja. Piga simu mapema, usingoje troponini ya pili. Kwenye barua ya rufaa andika chanzo kwa maneno kamili, kafiwa na mdogo wake saa nne asubuhi, maumivu yalianza saa nne na nusu, na ambatanisha ECG zote kwa mpangilio wa saa. Nesi wa kusindikiza awe na mashine ya kushtua moyo ndani ya gari, sio mtungi wa oksijeni peke yake.

Kuongea naye

Vifo hospitalini ni kama 4 kati ya 100, kiwango kinachokaribiana na cha shambulio la moyo lenyewe, kwa hiyo usimwambie ni mshtuko tu utaisha. Mwambie mama, moyo wako umeumia kweli, mashine imeonyesha, sio kwamba umejifanya na sio kwamba imani yako ni ndogo. Hili la mwisho linawauma sana kina mama, maana wameshaambiwa na majirani kwamba wangekuwa na subira yasingewapata, au wameshaanza kutafutiwa mganga. Waite na ndugu wawili watatu wasikie wenyewe. Kama msiba bado, msaidie kwenye hilo nalo, apate mtu wa kukaa naye, aongee na mzazi wa kiroho au shehe wake au ustawi wa jamii, na kama ana sonona au hofu za muda mrefu aandikiwe kliniki.

Akiruhusiwa atoke na dawa za kusaidia moyo kwa jinsi daktari atakavyoona, kundi la kina enalaprili au losatani mara nyingi, na tarehe ya eko ya kurudia wiki 4 hadi 8 iandikwe kwenye kadi, sio kuambiwa kwa mdomo. Inaweza kurudi, kama watu 2 kati ya 100 kila mwaka, kwa hiyo kadi hiyo aiweke kwenye pochi, na siku nyingine akibanwa kifua aitoe mapokezi kabla ya kitu kingine.

Mama yule wa bajaji alirudi baada ya wiki nne, kavaa khanga mpya, eko yake inajikamua kama ya msichana. Aliniuliza kama sasa anaweza kwenda arobaini ya mdogo wake. Nikamwambia aende, ila mwanae akae karibu yake na namba yangu ya wodi anayo.